Bwana Poubelle na pipa lake

Yako maneno tunayoyasema kila siku bila kuuliza yalitoka wapi. Katika miji yetu ya Kongo, kuanzia Lubumbashi hata Bukavu na Goma, mama amwambia mtoto: "Peleka hii kwenye pubeli." Mtoto achukua maganda na majivu, atoka nje. Wengi wadhani kwamba pubeli ni neno tu la Kifaransa, kama yalivyo mengine mengi tuliyopokea kutoka lugha hiyo. Kumbe ni jina la mtu. Mtu huyo alisoma sheria, akaifundisha katika vyuo vikuu, akatawala majimbo, na mwishoni alitumwa Roma kuwa balozi wa Ufaransa mbele ya Baba Mtakatifu. Lakini watu hawakumkumbuka kwa ubalozi. Walimkumbuka kwa pipa.

Twapenda kusimulia habari zake, maana twaona kwamba neno lilifika kwetu likiwa peke yake, na mambo yaliyokuwa yamefungwa pamoja nalo yalibaki njiani.

Tuanze Paris yenyewe. Tusidhani kwamba mji ule ulizaliwa safi. Mmonaki Rigord, aliyeandika maisha ya mfalme Philippe Auguste, asimulia kwamba mwaka 1185 mfalme alikuwa amesimama dirishani katika jumba lake. Magari yakapita chini, magurudumu yakakoroga matope ya njia, na harufu ikapanda mpaka mfalme akashindwa kuivumilia. Ndipo alipoamuru njia kubwa za mji zitandikwe mawe. Mawe yalisaidia juu ya matope, lakini hayakuondoa takataka. Wafalme waliomfuata walitoa amri nyingi, watu wakazisikia, kisha wakaendelea kumwaga uchafu mbele ya mlango.

Tupite upesi karne hizo, tufike karibu na mwaka 1880. Paris sasa ina watu zaidi ya milioni 2, na wengi wao wapanga vyumba katika nyumba ndefu za ghorofa 5 au 6. Takataka za nyumba nzima zamwagwa barabarani, zikawa chungu. Asubuhi magari ya farasi yapita, wafanya kazi wapakia kwa koleo. Sehemu kubwa ya uchafu ule wapelekwa kwa wakulima wa mboga waliozunguka mji, nao waufanya mbolea. Lakini kabla ya magari kupita, usiku na alfajiri, chungu zile zilikuwa na wenyewe.

Wenyewe ni waokotaji wa matambara. Walikuwa maelfu, waume kwa wake, na watoto pia. Kila mmoja alibeba kikapu kirefu mgongoni, taa ndogo katika mkono mmoja, na katika mkono wa pili kulabu ya chuma ya kufukulia. Tusicheke kazi yao. Matambara waliyookota yalipelekwa kwa watengenezaji wa karatasi. Mifupa ilifanywa vifungo vya nguo na gundi, au ikachomwa kuwa makaa ya kusafishia sukari. Makopo ya bati yalifanywa michezo ya watoto. Hata nywele zilizobaki katika chanuo la bibi tajiri ziliokotwa, zikauzwa kwa mafundi wa nywele za bandia. Na katika kazi hiyo vilikuwapo vyeo. Mdogo ni yule aliyezunguka popote, akichukua walichoacha wengine. Mkubwa wake alikuwa na nyumba zake zinazojulikana, alielewana na bawabu, akaruhusiwa kupekua takataka zikiwa bado mlangoni. Mahali pake hapo aliweza hata kuwarithisha watoto wake. Juu yao wote alikaa tajiri aliyenunua kwa mizani.

Mwezi wa Oktoba 1883 akaja mkuu mpya wa serikali wa jimbo la Seine, ambamo Paris ilikuwamo. Jina lake Eugène Poubelle. Alizaliwa Caen, katika Normandie, mwaka 1831. Hakuwa daktari wala mhandisi. Alikuwa mwalimu wa sheria, na mwalimu wa sheria ajua jambo moja ambalo wengi wasahau: amri isiyosema wazi "nani afanye, kwa mali ya nani, saa ngapi" si amri, ni maombi.

Basi tarehe 24 Novemba 1883 alitia sahihi amri yake, na watu wakaanza kuifuata katika Januari 1884. Mwenye nyumba, yaani yule apokeaye kodi, alilazimishwa kuwapa wapangaji wake vyombo vyenye kifuniko, vya kutosha nyumba nzima, vya ukubwa kutoka lita 40 hadi 120. Bawabu, ambaye ni kama sentineli wetu, alipaswa kuvitoa nje kabla ya gari kupita na kuvirudisha ndani baadaye. Mji ulipaswa kupitisha gari kila asubuhi. Tena vyombo viwe vitatu: kimoja cha vitu viozavyo, kimoja cha karatasi na matambara, na kimoja cha vioo, vyungu vilivyovunjika na maganda ya chaza. Chaza ni mnyama wa baharini ambaye watu wa Paris wapenda kumla, na ganda lake ni gumu kama jiwe.

Tuangalie jinsi mzigo ulivyogawanywa. Mwenye mali atoa chombo. Bawabu atoa jasho kidogo. Mpangaji atenganisha. Serikali yaleta gari. Kila mtu ana sehemu yake, na sehemu ya kila mmoja yaonekana barabarani mbele ya macho ya wote. Hapo, kwa maoni yetu, ndipo akili ya Bwana Poubelle ilipokuwa. Pipa lenyewe hata fundi wa kijiji angaliweza kulitengeneza.

Kelele zilianza mara moja. Wenye nyumba walilia juu ya gharama. Mabawabu walinung'unika kuamka mapema. Magazeti yakamdhihaki mkuu huyo, yakaita vyombo vyake "masanduku ya Poubelle," yakidhani kwamba dhihaka itamshinda. Ikawa kinyume: baada ya miaka michache tu jina likaingia katika kamusi, na herufi kubwa ya mwanzo ikapotea baadaye, kama vile watu wasahauvyo kwamba jina ni la mtu.

Lakini malalamiko ya waokotaji yalikuwa ya namna nyingine, nasi hatuwezi kuyaweka pamoja na yale ya wenye nyumba. Mtu aliyekosa faranga chache za kununua ndoo, na mtu aliyekosa mkate wa watoto wake, hawalii kilio kimoja. Takataka zikikaa ndani ya chombo chenye kifuniko, zikatoka dakika chache tu kabla ya gari kupita, mwokotaji atafanya kazi saa ngapi? Jambo hilo lilijadiliwa sana katika halmashauri ya mji na katika bunge. Tarehe 7 Machi 1884 amri ikatengenezwa upya, na waokotaji wakaruhusiwa kumwaga vyombo juu ya kitambaa kikubwa, kuchambua upesi, na kurudisha vinavyobaki. Walipona nusu. Kwa upande mwingine viwanda vya karatasi vilikuwa vimeanza kutumia miti mahali pa matambara, na bei ya matambara ilikuwa ikishuka hata bila amri yoyote. Kazi yao ikaendelea miaka mingi bado, lakini ikidhoofika. Twasema wazi: amri ilikuwa ya haki juu ya wenye nyumba, na ilikuwa nzito juu ya maskini, na aliyeiandika hakuwafikiria hawa mpaka walipopiga kelele.

Mwaka ule ule wa 1884 kolera iliingia Ufaransa kwa bandari ya Toulon, ikafika Marseille, na katika Novemba ikafika Paris. Watu wengi wakati huo walidhani bado kwamba ugonjwa huletwa na harufu mbaya. Daktari Mjerumani Robert Koch ndiye aliyekuwa ameona, katika Misri na India, kijidudu kinachouleta, nacho husafiri kwa maji na chakula vilivyochafuliwa na mavi ya mgonjwa. Kwa hiyo pipa peke yake lisingaliweza kuzuia kolera. Ilihitajiwa mifereji. Kolera iliporudi mwaka 1892, Poubelle alishika jambo hilo nalo, na sheria ya tarehe 10 Julai 1894 ikawalazimisha wenye nyumba wa Paris kuunganisha vyoo vyao na mifereji ya chini ya ardhi, na kulipia. Kwa mara ya pili wenye nyumba wakamchukia.

Mwaka 1896 aliondoka Paris akatumwa Roma, wakati wa Papa Leo XIII, akakaa huko hata 1898. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya barua ya Papa ya 1891 juu ya hali ya wafanya kazi, Rerum novarum, na baada ya ile ya 1892 iliyowaomba Wakatoliki wa Ufaransa wakubali serikali ya jamhuri. Kisha Poubelle akaenda kusini, karibu na Carcassonne, akalima mizabibu. Alikufa mwaka 1907.

Jambo moja la amri yake halikushika: vile vyombo vitatu. Watu wa Paris walikubali kuwa na pipa, hawakukubali kutenganisha. Vitu vyote vikaingia chombo kimoja, na hivyo mambo yakakaa karibu miaka 100. Sheria ya 1992 ndiyo iliyorudisha katika Ufaransa utaratibu wa kutenganisha karatasi, vioo na vifungashio. Na tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria ya Ufaransa yataka kila nyumba iwe na njia ya kuweka mbali vitu viozavyo vya jikoni. Yaani chombo cha kwanza cha Bwana Poubelle kilirudi baada ya miaka 140.

Sasa tuje kwetu.

Mji wa Elisabethville, ambao leo ni Lubumbashi, ulianzishwa mwaka 1910, wakati reli ilipofika kutoka kusini kwa ajili ya shaba. Pipa la Poubelle lilikuwa na umri wa miaka 26 tu. Wazungu waliojenga mji walijua vizuri habari za usafi. Walichora mitaa yao yenye barabara pana, na kati ya mitaa hiyo na ile ya Waafrika wakaacha uwanja mtupu wa upana wa mita 500 na zaidi. Sababu waliyotoa ni kwamba mbu wa malaria hawezi kuruka mbali kiasi hicho. Tuseme kweli, mtumishi wa jikoni alivuka uwanja ule kila asubuhi na kila jioni, na mbu hakuhitaji kuruka. Uwanja ule ulitenga watu kuliko ulivyotenga mbu.

Iko picha ya mwaka 1929 ambayo ndugu yetu Sammy Baloji, msanii aliyezaliwa Lubumbashi, aliitoa katika nyaraka za zamani, akaiweka pamoja na picha za mji alizopiga kutoka angani, katika kazi yake ya mwaka 2013. Katika picha ile ya zamani watu wawili wasimama nyuma ya chungu. Ukitazama kwa mbali wadhani ni udongo au makaa. Ni nzi waliokufa. Wakati huo mfanya kazi Mwafrika alipaswa kuleta nzi 50 ndipo apewe posho yake ya siku.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina chuki. Nzi jike wa nyumbani hutaga kwa mara moja mayai karibu 100 au zaidi, naye hutaga mara kadhaa katika maisha yake mafupi. Hupenda kutaga katika mavi na takataka zinazooza. Katika nchi ya joto, kutoka yai hata nzi mwenye mabawa ni siku 7 hadi 10 hivi. Basi jalala moja lisiloondolewa kwa juma mbili hulea nzi kuliko wale ambao kambi nzima yaweza kukamata kwa mikono. Anayetaka nzi wapungue huchukua takataka mara mbili kwa juma, kabla mayai hayajawa nzi. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1929. Lakini kupitisha gari katika mitaa ya Waafrika kulitaka fedha, na nzi 50 mkononi mwa mtu mwenye njaa hawakugharimu kitu.

Hapa ndipo tofauti ilipo. Paris mzigo ulitwikwa mwenye nyumba, naye akalia katika magazeti. Elisabethville mzigo ulitwikwa mfanya kazi, naye hakuwa na gazeti.

Baada ya uhuru mambo yalibadilika jina. Katika miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, tuliletewa Salongo, kazi ya wote ya kufagia na kulima. Hatuidharau. Watu kushika jembe pamoja ni jambo jema, na katika mitaa mingi Salongo bado yafanyika. Lakini wasomaji wanajua linalotokea baada ya kufagia. Chungu yakusanywa kando ya barabara, watu waenda kunawa, na gari haliji. Mvua yanyesha usiku. Asubuhi chungu haipo, nasi twashukuru kwamba mji ni safi.

Ilikwenda wapi? Tutazame Bukavu, ambako swali hilo lina jibu lake. Mji ule umejengwa juu ya vilima na juu ya ndimi za nchi zinazoingia katika ziwa Kivu. Tangu vita vya 1996 watu wengi wa vijijini walikimbilia humo, wakajenga juu ya miteremko ya Kadutu, Bagira na Ibanda, mahali ambapo hata baiskeli haipandi, sembuse gari. Nyumba ya chini yapokea maji ya nyumba ya juu. Maji hufuata mkondo, na takataka hufuata maji: kutoka mlangoni hata mfereji, kutoka mfereji hata kijito, kutoka kijito hata ziwa. Na maji ya ziwa Kivu yana mlango mmoja tu wa kutokea, nao upo Bukavu penyewe: ni mto Ruzizi.

Kilomita chache chini ya mlango huo kuna kituo cha umeme cha Ruzizi cha kwanza, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka hii ya 2020 chupa na masashe ya plastiki yaliyotoka katika mitaa yetu hukusanyika mbele ya kituo, yakafunika maji kama zulia. Yakiingia, yaziba njia ya maji na kuharibu mashine. Hapo inabidi kusimamisha turbini ili watu wazisafishe, na umeme wakatika. Mama wa Kadutu aliyetupa sashe katika mfereji Jumatatu aweza kuwasha mshumaa Alhamisi bila kujua kwamba mambo hayo mawili ni ndugu. Wala hatumlaumu yeye kwanza. Gari la kuchukua sashe lile lingepita wapi, na nani amelinunua?

Sheria si kwamba haipo. Rwanda, iliyo ng'ambo ya Ruzizi, ilikataza mifuko ya plastiki mwaka 2008, na msafiri avukaye mpaka ajua kwamba mfuko wake hunyang'anywa. Kongo nayo ilitoa amri ya kuikataza, tarehe 30 Desemba 2017. Sokoni kwetu chumvi, sukari, mafuta na makaa bado vyapimwa katika masashe. Bwana Poubelle, mwalimu wa sheria, angaliisoma amri yetu na kuuliza maswali yake yale yale: nani afanye, kwa mali ya nani, saa ngapi?

Vipo vikundi vya vijana vinavyopita nyumba kwa nyumba kuchukua takataka kwa malipo ya mwezi. Hufanya kazi nzuri, lakini zaidi katika barabara ambako watu wana uwezo wa kulipa. Kwenye miteremko hawafiki sana, kwa sababu mbili: malipo ni madogo, na mzigo ni mzito. Sababu ya pili ndiyo tungependa kuitazama, maana yaweza kupunguzwa bila kungoja Kinshasa.

Fungua pubeli ya nyumba ya kwetu, utaona nini? Maganda ya ndizi na ya viazi, mabua ya sombe, majani, majivu, vumbi la kufagia. Hayo ndiyo mengi, na ndiyo mazito, hasa yakilowa mvua. Plastiki ni nyepesi, japo yaonekana nyingi kwa macho. Wakulima wa mboga wa Paris walikuwa wakiununua uchafu wa namna hiyo, na sisi twautupa ziwani, kisha twalalamika kwamba shamba la mteremko limechoka. Katika shirika moja la mtaa, nyumba kumi zikichimba shimo moja mahali pasipobomoka, pa mbali na chemchemi, zikaweka humo maganda na majani, na kuyafunika udongo kila mara ili nzi wasitage, mbolea itapatikana kwa bustani za wote. Yule mwenye kupangisha nyumba tano au sita katika kiwanja kimoja ndiye atoe jembe na nafasi ya shimo, kwa kuwa ndiye apokeaye kodi.

Kitakachobaki katika mfuko wa kila nyumba baada ya juma moja ni chupa, masashe, vigae vya kioo na makopo. Mfuko huo kijana mmoja aweza kuubeba kichwani, pamoja na ya majirani wanne, akapanda nayo ngazi za udongo mpaka barabarani.